Seli ikisema ‘bado!’: Ua la kando ya barabara na saratani inayokua kwa kasi ya kutisha

Ukipita kwa wale jamaa wanaouza miche kando ya barabara, utaona ua dogo la petali tano, la waridi au jeupe, na mara nyingi katikati pana kijicho chekundu. Wengi huliita vinka. Halina maringo. Linavumilia jua, linavumilia mchanga, na ukisahau kulimwagilia siku mbili halikununii. Asili yake ni Madagascar na jina lake la kisayansi ni Catharanthus roseus.

Ndani ya majani yake mna kemikali ambayo kwa miaka zaidi ya 60 imekuwa ikitumika kuwatibu watoto wenye saratani. Dawa hii haiui seli kwa kuichoma wala kuinyima chakula. Inainyima kamba tu. Seli inayotaka kugawanyika inabaki ikingoja kamba ambazo hazifiki, inangoja, inangoja tena, mwishowe inakufa ikiwa palepale.

Sasa, mbona seli ingoje hadi ife? Si ingegawanyika tu hivyo hivyo? Ili kujibu hilo itabidi turudi darasani kidogo. Usikimbie, hakuna mtihani.

Doti 46 za leso

Kama ulisoma Biolojia hadi Kidato cha Tatu, basi ulikariri: profasi, metafasi, anafasi, telofasi. Mwalimu alichora miduara minne ubaoni, ukainakili, ukaitema kwenye karatasi ya KCSE, ukaisahau kabla ya kufika nyumbani. Si kosa lako. Ile michoro inaonyesha picha nne zilizotulia, kumbe kinachoendelea ndani ya seli ni vuta nikuvute.

Karibu kila seli mwilini mwako ina takriban mita 2 za DNA, zilizokunjwa ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. DNA hiyo imegawika katika nyuzi 46 ziitwazo kromosomu: 23 ulizipata kwa mama na 23 kwa baba. Kabla ya seli kugawanyika, hunakili kila kromosomu, na nakala hizo mbili hubaki zimeshikana.

Ukitaka kuzipata vizuri akilini, fikiria doti ya leso inavyotoka dukani: pande mbili zinazofanana kila kitu, ua kwa ua, jina kwa jina, zikiwa bado hazijakatwa. Kromosomu iliyonakiliwa ndiyo hiyo doti. Seli ina doti 46 za namna hiyo, na ina mabinti wawili wa kurithi. Kila binti lazima apate upande mmoja wa kila doti. Si 45, si 47. Tena kazi yenyewe inafanywa gizani, bila msimamizi, na mara nyingi inakamilika kwa muda wa saa moja hivi.

Na haifanyiki mara moja moja. Watafiti Ron Sender na Ron Milo wa Israel walikadiria mwaka 2021 kuwa mwili wa mtu mzima hubadilisha seli bilioni 330 hivi kila siku, nyingi zikiwa za damu na za utando wa utumbo. Ni kama milioni 3.8 kila sekunde. Kosa moja kwa kila elfu lingekuwa msiba.

Kuvuta kamba

Mwalimu ukimuuliza kromosomu zinatenganaje, atakwambia "huvutwa kwenda pande mbili". Ni kweli, lakini kabla ya kuvutwa hutegwa kwanza.

Kutoka ncha mbili za seli hurefuka nyuzi nyembamba sana. Nyuzi hizi hujengwa kwa vipande vya protini iitwayo tubulini vinavyopangwa kimoja juu ya kingine kama matofali. Hazijui kromosomu ziko wapi. Kwa hiyo zinapapasa: uzi unarefuka, unakosa, unabomoka, unarefuka tena upande mwingine. Kila upande wa doti una kishikio chake, na uzi ukikigusa, unanata.

Doti iliyofungwa sawasawa ina uzi wa upande wa kushoto kwenye leso moja na uzi wa upande wa kulia kwenye leso ya pili. Nyuzi zinavuta, lakini leso hazijakatwa, zimeshikanishwa na pete za protini iitwayo kohesini. Matokeo ni kile tulichokiona kwenye michezo ya shule: timu mbili zinavuta, kamba inakaza, hakuna anayeenda popote.

Huo mkazo ndio seli inautafuta. Ikitokea leso zote mbili zimefungwa upande mmoja, hakuna wa kushindana naye na kamba inalegea. Hapo protini moja inayoitwa Aurora B hufungua fundo hilo ili nyuzi zijaribu tena. Hufungua na kufungua mpaka fundo likaze.

Tunajuaje kwamba ni mkazo, na si kitu kingine? Jibu lilitoka kwa vunjajungu. Mwaka 1995, Xiaotian Li na Bruce Nicklas wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichunguza seli za korodani za mdudu huyo. Katika baadhi ya seli hizo kromosomu moja ya X hukosa wenzake wa kufungwa nao, hivyo huvutwa na upande mmoja tu. Seli yenye tatizo hilo husimama kwa saa nyingi, haigawanyiki. Watafiti walichukua sindano nyembamba mno, wakaichomeka ndani ya seli hai wakiangalia kwa darubini, na kuivuta ile kromosomu kwa upande usio na mtu. Wakawa wao ndio timu ya pili. Seli ikadanganyika kwamba kila kitu kiko sawa, na ikagawanyika.

Yaani mtu amevuta kamba kwa mkono, na seli ikamwamini. Kwangu mimi hilo ni mojawapo ya majaribio matamu kabisa katika Biolojia, na inasikitisha kuwa halipo kwenye vitabu vyetu vya sekondari.

Makanga 46

Umewahi kuwa kwenye matatu dereva anataka kuondoka na abiria mmoja bado ana mguu chini? Makanga anapiga kelele: "Bado, bado!" Dereva hata awe na haraka namna gani, anasubiri.

Ndani ya seli, kila kishikio ambacho hakijafungwa hutoa ishara ya "bado". Hakuna ishara ya "twende". Kuna kelele za "bado" tu, na zinapokwisha ndipo seli huondoka. Ni mpango wa busara: doti 45 zikiwa tayari na moja ikiwa inaelea pembeni, kelele ya hiyo moja inatosha kuizuia seli nzima.

Protini zinazobeba ishara hiyo ziligunduliwa mwaka 1991 na timu mbili za Marekani, zote zikitumia hamira. Ndiyo, hamira ileile ya kuumua unga wa mandazi. Ni kiumbe cha seli moja, na kinagawanya kromosomu zake kwa mbinu zinazokaribiana sana na zetu. Watafiti waliiwekea sumu inayovunja nyuzi. Hamira ya kawaida ilisimama na kungoja. Lakini waliipata hamira yenye kasoro ambayo haikungoja: iliendelea kugawanyika kromosomu zikiwa hovyo, ikafa. Jeni zilizoharibika katika hamira hiyo zikapewa majina MAD na BUB, na binadamu tunazo pia.

Fundo la mwisho likikaza, kimeng'enya kiitwacho separesi huachiliwa. Kazi yake ni moja tu, kukata zile pete za kohesini. Doti zote hukatwa karibu kwa wakati mmoja, na kwa dakika chache leso zinaenda kila moja kwao.

Sumu iliyotusaidia kuhesabu

Hadi miaka ya 1950, vitabu vilisema binadamu ana kromosomu 48. Wataalamu walikuwa wakihesabu mafungu yaliyorundikana kama nguo kwenye beseni, na kila mmoja akaona alichotarajia kuona.

Mwishoni mwa 1955, Joe Hin Tjio, mwanasayansi mzaliwa wa Indonesia aliyekuwa akifanya kazi Lund, Sweden, pamoja na Albert Levan, alizitilia seli kolkisini, sumu inayotokana na mmea wa ua. Kolkisini huzuia nyuzi kujengeka. Seli zikasimama zikingoja, kromosomu zikiwa nene na zimetengana vizuri, na Tjio akazihesabu: 46. Matokeo yakachapishwa mwaka 1956.

Kwa hiyo tulijua idadi ya kromosomu zetu kwa sababu seli ina tabia ya kungoja. Mpaka leo maabara za hospitali zinazopima kromosomu hutumia dawa ya jamii hiyo kuzisimamisha seli kwanza.

Miaka mitatu baadaye, 1959, huko Paris, Marthe Gautier, Jérôme Lejeune na Raymond Turpin walitangaza kuwa watoto wenye hali ya Down wana kromosomu 47. Namba 21 iko mara tatu badala ya mbili. Ndiyo maana siku ya kimataifa ya hali hiyo huwa tarehe 21 mwezi wa 3.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu bado kuna mitaa ambako mama wa mtoto mwenye hali hii huulizwa alikula nini, alimkosea nani, au ukoo wake una nini. Hakuna kitu kama hicho. Mara nyingi kosa hutokea kwenye yai la mama, na yai lina historia ya ajabu. Msichana huzaliwa akiwa na mayai yake yote, na kila yai lilishaanza kugawanya kromosomu zake tangu akiwa tumboni. Halafu likasimama. Litaendelea miaka 15, 25 au 40 baadaye, mwezi wake ukifika. Muda wote huo kromosomu hushikiliwa na zile pete za kohesini, na zinachakaa. Isitoshe, ukaguzi wa "bado, bado" kwenye yai si mkali kama kwenye seli nyingine.

Ndiyo sababu umri una uzito: uwezekano ni takriban mtoto 1 kati ya 350 mama akiwa na miaka 35, na 1 kati ya 100 akiwa na 40. Hata hivyo mama wa miaka 22 anaweza kumpata, na kosa linaweza kutoka kwa baba pia. Ni fundo moja lililolegea, basi.

Saratani ya taya

Tuje sasa kwa seli zisizopumzika.

Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Muda mfupi baadaye akiwa Jinja akamwona mwingine wa aina hiyo hiyo. Akaanza kutafuta kumbukumbu, na mwaka 1958 akaandika kuhusu ugonjwa ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari la Ford wakazunguka kilomita 16,000 hivi, hospitali hadi hospitali, hadi Afrika Kusini, wakiuliza: mmewaona watoto hawa? Ramani iliyopatikana ilifuata joto, mvua na nyanda za chini. Kwa maneno mengine, ilifuata malaria. Kwetu hapa ukanda wa Ziwa Victoria umo ndani kabisa.

Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakakuta virusi ndani yake. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Vinaitwa Epstein-Barr na karibu kila mtu mzima duniani anavyo bila shida yoyote. Malaria ya mara kwa mara ndiyo huvipa nafasi kwa baadhi ya watoto.

Ndani ya seli zenyewe, kipande cha kromosomu namba 8 hukatika na kujibandika kwenye namba 14. Kipande hicho hubeba jeni iitwayo MYC, ambayo huiambia seli igawanyike. Kule 14 inajikuta jirani na sehemu inayofanya kazi usiku na mchana katika seli za kinga. Ni kama mtu amelifunga jiwe kwenye pedali ya mafuta.

Seli za Burkitt zinaweza kuwa maradufu kwa saa 24 hadi 48. Hebu piga hesabu. Seli 1 ikiwa maradufu mara 30 inazidi bilioni 1, karibu gramu moja ya nyama. Siku 30 kwa kasi ya juu. Kwa kweli nyingi hufa njiani, kwa hiyo haiendi kasi hivyo, lakini unapata picha: mtoto aliyekuwa na jino linalocheza wiki hii anaweza kuwa na taya iliyofura wiki mbili zijazo.

Na hapo ndipo watu hupotezea muda. Mtoto wa miaka mitano au saba akiwa na jino linalocheza, nani atafikiria saratani? Linang'olewa. Uvimbe haupungui, anapewa antibiotiki. Wengine huvimba tumbo na kupewa dawa ya minyoo. Kila mzunguko huo ni siku kadhaa, na siku kadhaa kwa Burkitt si mchezo.

Barua kutoka Jamaica

Vinka iliingia hospitalini kwa bahati. Huko Jamaica watu walikuwa wakinywa chai ya majani yake kwa ajili ya kisukari. Miaka ya 1950 majani hayo yalitumwa Canada, yakamfikia Robert Noble, aliyefanya kazi na mkemia Charles Beer. Wakawapa wanyama wa maabara dondoo yake. Sukari haikushuka hata kidogo. Kilichoshuka ni idadi ya seli nyeupe za damu. Mtu mwingine angetupa majani. Wao wakauliza: kitu kinachoangusha seli nyeupe kitafanya nini kwa saratani ya seli nyeupe?

Kutoka hapo ilipatikana vinblastini, kisha kampuni ya Eli Lilly ikatoa dada yake, vinkristini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1963. Mmea hutoa kidogo mno: mamia ya kilo za majani makavu kwa gramu moja ya dawa. Mjadala kuhusu Madagascar ilipata nini kwa ua lake nauacha kwa siku nyingine, maana utanipandisha presha.

Vinkristini hushika vile vipande vya tubulini visipangike. Nyuzi hazijengeki, kamba hazifiki, vishikio vyote vinapiga kelele "bado!" kwa pamoja. Seli ya saratani yenye jiwe kwenye pedali ya mafuta inakwama stejini. Kwa kuwa baadhi yake hufaulu kuchomoka bila kugawanyika, dawa hii huchanganywa na nyingine, kama siklofosfamidi na methotreksati, zinazoishambulia DNA au kuzuia isinakiliwe.

Dawa haijui seli ipi ni ya saratani. Inakamata yeyote anayegawanyika, na ndiyo maana nywele hudondoka katika matibabu kama haya: mizizi ya nywele hugawanyika haraka. Ganzi ya vidole ina sababu tofauti. Neva hazigawanyiki, ila hutumia nyuzi za tubulini kama reli ya kusafirishia mizigo kutoka uti wa mgongo hadi vidoleni, na reli zikivurugika, ncha ndizo huumia kwanza. Kwa mtoto utaona anakwaruza miguu akitembea au vifungo vya shati vinamshinda. Mwambie daktari, usimwite mvivu.

Na tafadhali, usichemshe vinka ya nyumbani. Jani lina kemikali nyingi zenye sumu, hujui kipimo chake, na dawa hospitalini hupimwa kwa miligramu kulingana na ukubwa wa mwili.

Burkitt hutibika. Watoto wengi wakifika mapema na kumaliza dozi hupona kabisa. Lakini ina mtego mmoja. Kwa sababu inagawanyika haraka, inaitikia dawa haraka pia. Uvimbe wa taya unaweza kuyeyuka ndani ya siku chache baada ya dozi ya kwanza. Mzazi aliyeacha kazi Homa Bay au Siaya, aliyekopa nauli na ana watoto wengine nyumbani, anamwona mwanawe anacheka, anakula, uso umerudi. Anaomba ruhusa waende nyumbani, na wengine hawarudi kwa dozi ya pili.

Nesi akisema "bado", anazungumzia seli ambazo siku ile dawa ilipoingia kwenye mshipa hazikuwa kwenye kuvuta kamba. Hizo hazikuguswa na vinkristini. Ziko mle, hazionekani, na kila moja inahitaji siku moja au mbili tu kuwa mbili.